Vali Saba Imefungwa

Kazini walimwita Mama Joto, na jina lenyewe lilikuwa na utani ndani yake, kwa sababu kitu alichokipigia hesabu za joto kwa miaka kumi na tisa kilikuwa baridi kama sakafu ya bafu alfajiri. Hakikuwahi kupata moto hata siku moja. Kilikuwa kinu cha nyuklia, kidogo kwa jinsi vinu vilivyo, kimejengwa nyuma ya kilima nje ya mji ndani ya jengo lisilozidi ukumbi wa mikutano wa shule. Kikiwashwa kingewapa umeme watu wa mji mzima, hospitali yao na viwanda vyao viwili, bila moshi hata wa kufukuzia mbu. Lakini kikiwashwa, ndiyo hilo neno. Kwa miaka kumi na tisa lilikuwa "kikiwashwa", na mwanamke huyu alikwisha kulichoka.

Watu wakisikia nyuklia hudhani kila mtu pale kazi yake ni kuwasha. Yake ilikuwa kupoza. Kinu kikizimwa, vijiti vya urani vilivyomo ndani havinyamazi mara moja. Huendelea kutoa joto, kama jiko la mkaa lililoepuliwa sufuria: moto huuoni, lakini weka mkono uone. Joto hilo lisipopata pa kwenda huyeyusha kila kilicho karibu. Ndipo likawekwa tangi kubwa la maji juu ya kinu, ili siku umeme wa kituo ukikatika, maji yashuke yenyewe yakapoze vijiti, bila pampu na bila mtu kunyanyua kidole. "Hata sote tukilala," ndivyo alivyopenda kuwaambia wageni, na wageni walipenda kusikia.

Kuyafanya maji yashuke yenyewe kwa kiasi kinachotakiwa ni kazi ya kumfanya mtu aote mvi. Ukiongeza hapa, pale panapungua. Tangi liliinuliwa nusu mita, bomba likanenepeshwa sentimita mbili, kisha likakondeshwa moja. Mwenye meza ya urani, yaani mhandisi wa vijiti, alitaka vijiti vyake vikae karibu karibu ili visipoteze nguvu; Mama Joto alitaka nafasi ya maji kupita katikati. Waligombania milimita moja na nusu kwa miezi saba, wakanuniana, wakapatana, wakagawana. Mwenye meza ya urani alimwita shemeji, kwa kuwa alikuwa rafiki wa mumewe tangu chuoni, na yeye alimwita shemeji vilevile. Ushemeji haukumwongezea milimita hata moja.

Mumewe ndiye aliyekuwa mchoraji wa mabomba. Huyo jina lake la kazini lilikuwa Koki. Mikutanoni alikaa kimya kama koki iliyokatiwa maji, lakini mtu akimfungua kwa swali moja tu la mabomba, hapo hadi mwenyekiti aombe msaada. Waliingia mradini wakiwa tayari wameoana, yeye ghorofa ya pili na mume ya kwanza, na kwa miaka mingi mazungumzo yao ya mezani yalikuwa shinikizo, kona za bomba na kutu. Binti yao, ambaye sasa ni mfamasia katika mji wa mbali, alikua akiamini kwamba kila baba na mama duniani hula huku wakichora vali juu ya bahasha.

Koki alikuwa na hamu moja, na hakuificha. Upande wa nje wa kinu lilipita bomba la kurudishia maji safi, lisilo na madhara yoyote. Kinu kikiwa kazini bomba hilo lingekuwa na vuguvugu la chai iliyosahauliwa mezani. Alitaka siku hiyo aweke kiganja chake pale. "Nikilishika na lina joto," alisema, "basi nimemaliza. Hata mnistaafishe jioni ile ile." Kifua kikamsumbua, madaktari wakahangaika, akafariki miaka minne kabla ya haya ninayoyasimulia, na bomba bado baridi.

Tangu hapo hamu ikawa ya mkewe, juu ya ile aliyokuwa nayo. Alimtamani mumewe kwa namna ambayo haielezeki mbele za watu: sauti yake ya kukoroma, mswaki wake, jinsi alivyokuwa akisimama mlangoni kabla ya kulala na kuuliza, "Umefunga?" Na kwa kuwa mtu huyo hakuwa wa kurudi, hamu yote ilihamia kwenye bomba. Kila alipopelekwa nyuma ya kilima kwa ukaguzi, alivua glavu akaligusa. Chuma kilikuwa baridi, akavaa glavu zake, akarudi kwenye gari na wenzake.

Mwaka huo mambo yalikuwa yameiva. Kinu kilikuwa kimekamilika, kilichobaki ni kibali cha kutia urani na kuwasha. Jopo la wakaguzi lingekaa siku ya Alhamisi, na kila mtu alijua kwamba wakaguzi wamekwisha kuridhika kimya kimya. Miezi mitano baada ya kibali, kinu kingekuwa na moto. Mama Joto alikuwa amebakiwa na miezi minane kabla ya kustaafu. Ukitoa tano kwenye nane unabaki na tatu, na hesabu hii alikuwa ameirudia mara nyingi kuliko hesabu yoyote ya joto. Kwa maana kanuni ilikuwa moja na haina huruma: urani ikishaingia, asiye mfanyakazi hapiti lango, hata kama ndiye aliyebuni lango lenyewe.

Jumamosi ya kabla ya jopo alikuwa nyumbani anafua. Koki ya jikoni ilikuwa inadondosha tone moja moja, tone la kumtoa mtu akili. Akakumbuka kwamba marehemu alikuwa na daftari la nyumba, ambamo aliandika kila alichokitengeneza, na humo angepata saizi ya mpira wa kubadilisha. Akalitoa juu ya kabati, akafuta vumbi kwa kanga, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa na kuanza kusoma.

Ilikuwa kama kumsikia. "Nimepachika koki mpya jikoni. Imefungwa, msiifungue hadi kesho, tafadhali, na ninajua mtaifungua." Akacheka peke yake. Ukurasa mwingine: "Nimepachika bomba la bustani. Koki ya nje imefungwa, mama mtu ana tabia ya kuiacha wazi." Akacheka tena, na safari hii machozi yalikuja pamoja na kicheko. Akaendelea ukurasa hadi ukurasa, sasa si kwa ajili ya mpira. Amepachika taa. Amepachika bawaba. Amepachika tangi la darini, na koki yake imefungwa.

Alipofika hapo kicheko kilimkauka. Karibu mafundi wote anaowajua, wakiweka kifaa mahali pake, husema wamekifunga. Wamefunga pampu, wamefunga mita, wamefunga vali. Mumewe, kwa ukaidi wake tu, hakusema hivyo. Kwake kuweka kifaa kulikuwa kupachika, na kufunga kulikuwa kuzuia maji, basi, hakuna maana nyingine. Daftari zima, miaka ishirini ya maisha yao, hakukosea hata mara moja.

Na miaka kumi na mmoja iliyopita alikuwa amemwomba, kazini na mezani, tena kwa kumsumbua, aongeze vali ya saba katika njia ya maji ya dharura, ili mafundi waweze kuyazuia maji siku ya matengenezo. Wiki tatu alimsumbua. Kisha ikapanda ghorofa ya pili karatasi ya orodha ya vali, kwa mwandiko wa Koki, na kwenye mstari wa mwisho: "Vali 7: imefungwa." Alifurahi. Alielewa kwamba hatimaye imewekwa. Akaingiza kwenye kompyuta njia ya maji iliyo wazi tangu juu hadi chini, akaendelea na maisha.

Angekuwa mchoraji mwingine, mtu baki, angemwandikia barua rasmi: tafadhali fafanua. Ndivyo taratibu zinavyotaka. Lakini nani anamwandikia mumewe barua ya kuuliza maana ya neno, na wanalala kitanda kimoja?

Hakumaliza kufua. Alivaa viatu akaenda ofisini mchana ule ule, nguo zimelowekwa. Mlinzi wa lango aliitazama saa yake, akamtazama yeye.

"Mama Joto, leo Jumamosi."

"Najua."

"Huko juu hakuna mtu. Hata chai hakuna."

"Sijafuata chai, mwanangu. Nifungulie."

Katika kabati la kumbukumbu aliipata karatasi. Safu ya mwisho haikuwa ya kazi iliyofanyika. Juu yake palikuwa na kichwa kidogo kilichofifia: "Hali kinu kikiwa kazini." Vali ya kwanza, wazi. Ya pili, wazi. Ya saba, imefungwa. Yaani kinu kikiwa kazini vali ile inakaa imezuia maji, na hufunguliwa kwa umeme. Na ule umeme ndio unaodhaniwa kuwa umekatika.

Akakaa kwenye kompyuta akairudia hesabu, safari hii njia ikiwa imezibwa. Maji hayakushuka. Joto likapanda taratibu, bila haraka, likapita mstari mwekundu baada ya saa tano na dakika arobaini. Ndani ya muda huo mtu akikimbia na kuizungusha vali kwa mkono, hakuna litakaloharibika. Lakini lazima awepo mtu, na mtu huyo lazima ajue. Ile "hata sote tukilala" ilikuwa uongo, na aliyekuwa akiitangaza kwa wageni ni yeye.

Jumapili binti yake alipiga simu kama kawaida. Mama akamweleza yote, mpaka habari ya daftari.

"Kwa hiyo mama," binti akasema, "wewe na baba mlikuwa mnaandikiana barua za mapenzi kwa namba za vali, na hamkuelewana?"

"Usinichekeshe."

"Nakuchekesha usilie. Sasa ukisema, itakuwaje?"

"Watakitoa kwenye orodha. Vali mpya, majaribio mapya, foleni mpya. Miaka miwili na zaidi."

"Na wewe utakiona lini?"

"Sitakiona," akasema. Lilikuwa neno dogo, lakini alipolisikia likitoka kinywani mwake mwenyewe ilibidi aweke simu chini kidogo.

Jumatatu asubuhi shemeji wa meza ya urani ndiye aliyekuwa wa kwanza kuambiwa. Alisoma karatasi, akasoma namba, akavua miwani na kuifuta kwa shati ingawa haikuwa na uchafu.

"Shemeji, nani mwingine anajua?"

"Wewe."

"Basi nisikilize. Jopo halikuona. Alhamisi tupate kibali. Wiki inayofuata tunapeleka marekebisho madogo, vali moja tu, na wakati huo tunamweka mtu zamu karibu na vali. Hakuna atakayeumia. Utakiona kinawaka, na Koki huko aliko atakiona kwa macho yako. Miaka kumi na tisa, shemeji. Unataka kuikata shingo kwa neno moja?"

Nisimpake Mama Joto rangi ya malaika. Alitaka kukubali. Alimwambia shemeji yake ngoja nifikiri, akashuka hadi chumba cha michoro, akakaa kwenye stuli iliyokuwa ya mumewe, na kwa karibu saa nzima alikiwasha kinu kichwani mwake. Alijiona akivua glavu, akalihisi vuguvugu lenyewe kwenye kiganja. Hakuna siku aliyowahi kukitaka kitu kama alivyokitaka hicho, na hakuna aliyekuwa akimzuia.

Kisha akamfikiria huyo mtu wa zamu. Akamwona mtu wa kawaida, ana mafua, amepangiwa wiki ya pili mfululizo kwa sababu mwenzake kaomba ruhusa, na mbele yake kuna kitabu cha maelekezo chenye jina la Mama Joto kinachomwambia kwamba maji yatashuka yenyewe. Mtu huyo akisoma hivyo atakaa atulie. Yeye mwenyewe angetulia.

Akapanda kwa Mkuu. Mkuu wa mradi alikuwa mwanamke mrefu, mpole kwa sauti, asiyependa habari za ghafla. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaenda dirishani.

"Dawa yake ipo?" akauliza.

"Ipo. Tunaweka vali ambayo umeme ndio unaoizuia. Umeme ukikatika inajifungua yenyewe."

Shemeji, aliyekuwa amemfuata nyuma, hakuweza kujizuia. "Ikijifungua, tumpelekee nani nguo za mtoto?"

Walicheka wote watatu, cheko la watu waliobanwa, na lilipoisha kila mtu akaona aibu kidogo. Mkuu akarudi kwenye kiti chake.

"Mama, unajua maana yake kwako."

"Najua."

"Tutakualika siku ya kuwasha."

"Hamtanialika. Kanuni niliipigia kura mwenyewe." Hapo ndipo alipolia, mbele ya Mkuu na mbele ya shemeji yake, kwa sauti, bila kujifunika uso. Alikililia kinu, akamlilia mumewe, akaulilia mkono wake mwenyewe. Shemeji alimshika bega. Hakuna aliyemwambia nyamaza.

Alhamisi jopo lilikaa kwa dakika ishirini tu, likaondoa ombi kwenye orodha, likawashukuru kwa uungwana wao, na wakaguzi wakaenda kupata chakula cha mchana mapema. Shemeji aliondoka bila kuaga, ingawa si kwa hasira. Lakini faili haifungwi bila fomu, na alasiri Mkuu alimwita Mama Joto ofisini ili waijaze pamoja. Ilikuwa karatasi moja. Tarehe, namba ya mchoro, maelezo ya kosa. Hayo yalikwenda haraka. Kisha pakaja mahali palipoandikwa: chanzo cha kosa.

Mkuu alishika kalamu bila kuandika. Alikuwa amelifikiria jambo hili tangu Jumatatu, na alikuwa na nia njema kabisa.

"Naona tuseme hivi," akasema. "Maelezo ya mchoraji hayakuwa wazi. Ni kweli, neno lile lina maana mbili. Wewe umebakiwa na miezi minane, sitaki uondoke hapa na doa kwenye jalada lako. Na yeye, Mungu amrehemu, hakuna wa kumwandikia barua ya onyo."

"Hapana."

"Mama, haitamdhuru."

"Lete kalamu."

Mkuu akampa. Mama Joto aliivuta karatasi, akainamisha kichwa, akaandika polepole kwa herufi za kusomeka: "Maelezo ya mchoraji yalikuwa sahihi na wazi. Yalisomwa vibaya." Akaisogeza upande wa pili wa meza.

Mkuu akasoma. Chini yake palikuwa na mistari miwili, mmoja wa jina la aliyekosea na mwingine wa cheo. Jina lilikuwa limeandikwa. Kwenye mstari wa cheo, mahali pa "Mhandisi Mwandamizi wa Upozaji", palikuwa na neno moja: "Mkewe."

"Hapa panaandikwa cheo," Mkuu akasema kwa upole. "Si uhusiano."

"Ndicho cheo nilichokosea nacho," akajibu, na akasaini.